Pilipili na Vikonyo Vyake

Mwanangu Esha,

Salamu nimekupa tangu asubuhi na tumekula sinia moja, basi sizirudii hapa. Wala sitaandika kwamba sisi tu wazima na hofu ni kwenu, kwa sababu wakati huu uko darini unashindilia makumbi ya nazi ndani ya gunia, na nyayo zako nazisikia juu ya kichwa changu. Hofu iko humu humu ndani. Barua hii nitaitia katika sanduku lako, chini ya kitambaa cha mbegu, uisome ukifika Kismayu. Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Leo nimejaribu, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umechukua mafuta ya taa.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mamako amekwisha kukwambia, na aliyoyasahau atakwambia kesho mpaka nanga ing'oke.

Nitakuandikia habari za pilipili. Mamako amenichungulia mlangoni sasa hivi, akaona kalamu.

"Wamwandikia nini mtoto?"

"Pilipili."

"Pilipili! Mtoto yuwaenda nti ya watu, nawe wamwandikia pilipili?"

"Ndizo ninazozijua."

"Haya, andika. Lakini usimpe hutuba, Baba Esha. Hutuba ameshapewa na kila aliyepita mlango huu, hata muuza maziwa."

Ameondoka, lakini hayuko mbali. Nasikia bangili.

Unakumbuka ilivyoanza, lakini unaikumbuka kitoto, nawe ulikuwa huna meno ya mbele. Shamba letu la bara tulikuwa tumeliacha. Watu waliokuwa wakitulimia walikwenda zao, na ilikuwa haki yao kwenda, na mimi sikujua kushika jembe. Pilipili, ambazo mamako alikuwa akigawa kwa majirani bila kuzitazama, zikawa kitu cha kununua sokoni. Darini jua lilikuwapo la kutosha, lakini kupandisha udongo ngazi zile ni kazi ya punda, na udongo wenyewe wa mjini ni chokaa na chumvi. Niliupandisha mara moja. Ikaota miche yenye rangi ya mtu aliyetoka kwenye homa, kisha ikafa.

Siku moja ukatoka kuoga unakimbia, nguo inachuruzika, ukaniambia, "Baba, pilipili ina nywele!"

Nilidhani ni mchezo. Nikakufuata. Kwenye ufa wa ukingo wa birika la kuogea palikuwa na mche. Mbegu nadhani iliangushwa na mkono wa mtu aliyenawa baada ya kusaga. Haukuwa na udongo hata wa kujaza ukucha. Mizizi yake myeupe ilining'inia ndani ya maji, na vile visamaki tunavyoviweka vimeze viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikipita katikati yake kama watu katika kichochoro. Ulikuwa na afya kuliko chochote nilichowahi kupanda kwa mkono wangu.

Mamako alipouona hakufurahi.

"Mai ya kutawadhia ndiyo mliyoyafanya shamba? Siku yakigeuka rangi au harufu, sala za nyumba hii zitakuwa juu ya nani?"

"Juu ya Baba," ukajibu.

Alikuwa na haki, nasi tukauhamisha. Mtungi uliovunjika shingo tukautia maji, juu yake tukafunika kibao chenye tundu, katika tundu tukapachika kifuu cha nazi kilichotobolewa, ndani ya kifuu makumbi ya kuushikilia mche, na mizizi ikashuka yenyewe kutafuta maji. Tulipoona umekubali, tukafanya mitungi mingine. Majirani walisema nimeingiwa na kitu. Mtu mzima, mwandishi wa matajiri, anapanda ngazi asubuhi kutazama nywele za pilipili.

Ile miche mingine ilikufa yote, nami ndiye niliyeiua. Nataka ulijue kosa lenyewe, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa bara asingelifanya. Makumbi niliyotia niliyaomba kwa wasuka kamba wa pwani, kwa kuwa yao ni laini na yamekwisha kupondwa. Makumbi yale hufukiwa kwenye matope ya ufuko mpaka yaoze, na bahari huyapitia kila inapojaa. Sote tunalijua hilo. Mtoto wa mji wetu huu wa Amu huzaliwa akiinusa harufu yake. Na kwa sababu sote tunalijua, mimi sikuliwaza. Majani yakajikunja kingoni, nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Yakajikunja zaidi, nikasema ni jua, nikaezeka makuti juu. Mamako akapanda, akachomoa uzi mmoja wa kumbi, akautia mdomoni, akatema.

"Hii ni bahari," akasema, akashuka.

Huko uendako sijui utapata makumbi ya namna gani, ndiyo maana nimekuambia ufunge gunia letu. Yakiisha, mengine yatie mdomoni kwanza, hata ukiyakuta safi. Tena hasa ukiyakuta safi. Mabaharia wananiambia visima vya Kismayu vina chumvi kuliko vyetu, basi na maji uyaonje pia, kila kisima, hata kile wanachokisifu. Mvua ikinyesha, kinga.

Baada ya hapo nikajifunza kuyaosha makumbi kwa maji ya mvua mpaka yasiwe na ladha. Tukapanda upya. Na nikaiua tena mingi, safari hii kwa mapenzi. Kila alfajiri nikitoka msikitini nilipanda darini na kata ya maji, nikaijaza mitungi mpaka maji yaguse kifuu. Sikutaka kukuta imepungua. Mizizi ikawa ya kahawia, ikawa inateleza kama kamasi, na mitungi ikanuka. Ulikuwapo mtungi mmoja nyuma ya ukuta wa ngazi ambao niliusahau kabisa. Maji yake yalikuwa yamepungua hata nusu. Mizizi ya juu, iliyobaki hewani, ilikuwa imeota manyoya membamba meupe, na mche umebeba pilipili mpaka umeinama.

Nikakuuliza umeutia nini huo.

"Sijautia kitu, Baba. Ni wewe hukuujazia."

Basi ndiyo siri yote, kama ni siri. Mzizi unataka maji chini na pumzi juu. Maji ya visamaki yanatosha kuulisha, na yakipungua nguvu, samadi ya punda iliyochujwa kwa kitambaa, nyepesi kama chai ya mgonjwa. Iliyobaki ni kuzuia mkono. Sisemi kwamba nimeuweza mkono wangu. Leo umeniona nikizikagua kamba za sanduku lako, nikazifungua, nikazifunga tena vilevile zilivyokuwa. Ulinitazama, nikajua unaukumbuka ule mtungi wa nyuma ya ngazi.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniweka hapa.

Ulipokuwa na umri wa kuanza kuvaa buibui, siku moja ulichuma pilipili, kisha kwa kusahau ukajifuta jicho. Nyumba ilikuwa na wageni. Ulikaa nao mkekani, ukawapa kahawa, ukawaitikia maneno yao, na jicho lile limekuwa jekundu kama kaa la moto. Mamako alipoliona akakuuliza, ukasema, "Si kitu." Wageni walipokwenda ndipo ukajitupa sakafuni ukilia, naye akakuosha kwa tui la nazi huku akikugombeza na kukubusu. Watu walikusifu. Mtoto ana haya, mtoto ana subira. Mimi nilipata hofu siku ile, na mpaka leo sijaitoa. Mtu anayeweza kukaa na pilipili jichoni akasema si kitu, akiwa mbali nitamjuaje?

Utaniandikia, najua. Mimi ndiye niliyekufundisha herufi, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Lakini mimi nimekula kwa kalamu hii. Kazi yangu ni kuwaandikia matajiri walioko Unguja na Mombasa habari za bandari: chombo gani kimeingia, kimebeba nini, nani amepandisha bei ya boriti. Katika hizo sijawahi kukosea kwa makusudi. Nikiandika mzigo umelowa, umelowa. Lakini watu wa kawaida nao huja kwangu niwaandikie kwa jamaa zao, na hapo kalamu hugeuka. Amekuja mtu anatetemeka kwa homa, amejifunga shuka mbili, akaniambia, "Andika sisi tu wazima." Nikaandika. Amekuja mwanamke aliyezika siku chache nyuma. "Andika tu wazima, mambo mengine atayasikia." Nikaandika. Hakuna anayekusudia uongo. Barua yetu huanza hivyo, kama vile mlango huanza na kizingiti, na mtu akishaanza hivyo huona haya kurudi nyuma. Tena barua haisafiri peke yake. Kuna anayeketi karibu wakati inaandikwa, kuna anayeichukua, kuna anayeisoma kwa sauti mbele ya watu. Hata wewe, mwenye mwandiko wako, utaandika huku mtu anakutazama begani, na utaandika si kitu.

Shangazi yako Fatuma, dada yangu, aliolewa Mbwajumali. Wewe ulikuwa unatambaa alipokufa. Uliambiwa alifariki kwa homa ya ghafla. Haikuwa ghafla.

Yeye na mamako na mimi tulifundishwa kuchuma pilipili na mtu mmoja, mamangu, bibi yako. Unajua mwenyewe: pilipili yetu ikiiva, ukiivuta tu inakuja yenyewe na kikonyo kinabaki mtini. Ni rahisi, na watu wote huchuma hivyo. Bibi yako hakukubali. Pilipili iliyong'olewa ina tundu kichwani, na kwa tundu lile huoza. Alitufundisha kukata kwa ukucha juu ya kikonyo, moja moja, na aliyeleta iliyovuliwa kichwa alirudishwa. Katika miaka yote Fatuma aliyokuwa Mbwajumali alitutumia vikapu vya pilipili za shamba lao, na kila moja ilifika imevaa kofia yake.

Kikapu cha mwisho kilikuja pamoja na barua. Barua imeandikwa na mwalimu wa kijiji, maana Fatuma hakuwa na herufi: yeye mzima, mumewe mzima, hofu ni kwetu. Nilikuwa nimeishika mkononi. Mamako alikuwa amefungua kikapu.

"Hizi si za wifi yangu," akasema.

"Ni zake. Barua hii hapa."

"Hazina vikonyo. Nusu zimeoza."

"Ni joto la safari."

"Joto halikati vikonyo, bwana wangu. Barua imeandikwa na mwalimu. Pilipili zimechumwa na nani?"

Nikafanya kile ambacho msomi hufanya asipokuwa na jibu: niliisoma barua tena. Ilisema mzima. Nilikuwa na kazi, meli ilikuwa inangojwa na matajiri wanataka habari zao. Mamako alizitenga zile nzima, akazitia katika achari, na tukaila. Alilirudia neno lile mara kadhaa wakati wa kula, kisha akaliacha, kwa kuwa katika nyumba hii mimi ndiye mjuzi wa barua.

Habari ya pili haikuja kwa barua. Ilikuja kwa mtu, na nilipofika Mbwajumali nilikuta watu wamekaa matanga. Fatuma alikuwa amelala tangu kabla ya barua ile, hawezi kuinuka. Alisema tupelekewe pilipili kama kawaida, na binti wa jirani akatumwa shambani kuzichuma. Mumewe alilia mbele yangu. Alimwambia mwalimu aandike mzima asitutie hofu bure, maana alidhani atapona. Sikumlaumu. Angekuja kwangu, ningemwandikia vivyo hivyo. Mbwajumali si mbali, Esha. Mtu huondoka hapa asubuhi akafika siku ileile.

Siku hizi watu wananiambia ilikuwa imeandikwa. Naamini. Lakini kuwahi kumwona nako kungeweza kuwa kumeandikwa, na mimi nilikuwa na kikapu mbele yangu.

Nawe sasa unakwenda Kismayu. Mumeo Athmani sina la kumshtaki. Ni mpole, ana kazi, na siku aliyokuja kuposa aliumwa na yule bata wa jirani pale mlangoni na hakumpiga teke, jambo ambalo mamako alilipa uzito kuliko nasaba yake. Sikuandiki ili umshuku. Mtu mpole ndiye atakayesema tusiwatie hofu wazee. Ninachohofia ni mapenzi yake na haya yako yakikutana katika karatasi moja.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Panda zile mbegu za kitambaa, na miche ikizaa, kila chombo kinachokuja huku kipe kikapu kidogo. Chuma kwa mkono wako, kama bibi yako alivyofundisha. Zikija na vikonyo, basi andika utakalo katika barua, andika tu wazima, nami nitaamini na nitalala. Zikija bila vikonyo, nitakuja. Sitaandika kuuliza sababu wala sitangoja ufafanuzi. Ukiwa na dhiki ambayo huwezi kuiandika mbele ya watu, wewe mwenyewe utazing'oa. Na ukiwa huna nguvu hata ya kufanya hivyo, mwingine atakuchumia, na atachuma kama watu wote wanavyochuma.

Kwa hiyo Athmani umfundishe yote. Mfundishe kuonja makumbi na kuchuja samadi, mfundishe kuacha nafasi ya pumzi chini ya kifuu. Kuchuma usimfundishe. Wala mjakazi, wala jirani, hata akiwa rafiki yako kipenzi. Wakikuuliza kwa nini unazikata kwa ukucha, waambie ni ukaidi wa watu wa Amu. Hilo wataliamini.

Nimemsomea mamako mpaka hapa. Alikuwa amerudi mlangoni kitambo.

"Na miche ikifa?" nikamwuliza. Ndilo linalonisumbua tangu Ijumaa. Visima vile, jua lile. Inaweza kufa kwa chumvi wewe ukiwa mzima kabisa, nami nikangoja kikapu ambacho hakiji.

"Ikifa, kikapu hakitakuya."

"Nifanyeje basi?"

"Uende."

"Na nikimkuta mzima?"

"Ukimkuta mzima, mtakula wali, urudi. Kwani kumwona mwanao wataka ruhusa ya pilipili?"

Kisha akaniambia nisogeze taa, akanionyesha nyuma ya mlango. Kuna furushi la nguo zangu limefungwa kwa kamba ya kumbi, na juu yake viatu vyangu. Sikujua lini amelifunga. Anasema halitafunguliwa, nguo za kuvaa zimebaki za kutosha.

Wewe umeshuka darini sasa. Unamwuliza mamako kama nimelala.

Limebaki moja. Nasi tutakutumia vikapu, na katika vikapu tutatia barua, na barua hizo nitaziandika mimi. Umri umekwenda, na haya tunayo sisi pia, hukuitoa kwingine. Mimi ni mwandishi, mwanangu, nitakuandikia kwamba mamako mzima na mimi mzima, kwa mwandiko ulionyooka, siku yoyote ile na katika hali yoyote ile. Usianze na barua. Mimina kikapu juu ya sinia, utazame vikonyo, ndipo uvunje lakiri ya barua.

Kikapu cha kesho nimekwisha kukichuma. Kiko juu ya sanduku.

Babako